Chupa Haikuwa Tupu

Juma lililopita nilikuwa msibani hapa Kihesa. Nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, mara mama mmoja mwenye heshima zake akafungua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge, akaanza kugawa. Kimoja kwa mfiwa, kimoja kwa dada wa mfiwa, kimoja kwa shangazi aliyetoka safari. Aligawa kama mtu anayegawa pipi. Mikono ilinyooshwa, hakuna aliyeuliza ni nini. Alipofika kwangu akaninong'oneza nichukue na mimi, kinatuliza moyo. Nikaomba ile karatasi, nikavaa miwani, nikasoma. Diazepam, dawa ya wasiwasi na usingizi isiyotolewa bila cheti cha daktari. Wajukuu zangu, nilishtuka hadi chai ikanimwagikia gauni.

Wawili walikuwa bado hawajameza, nikawanyang'anya. Huyo wa tatu nilikaa naye mpaka jioni nikimwangalia usoni, akidhani namliwaza. Mjukuu wangu anayesomea famasi aliposikia kisa hicho alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, Bibi, andika, nitawasomea wenzangu. Basi naandika, na nyinyi mtakaokaa kwenye dirisha la dawa baada yetu nisomeeni polepole. Nyinyi mna vitabu na mashine za kila namna. Mimi nina makosa. Makosa nayo ni shule, ila mara nyingi anayeumia ni mtu mwingine, si mwanafunzi.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kazi ya dawa nilifundishwa Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa wasichana wawili katika darasa la wanaume, na nisiwafiche, nilikuwa najiona. Majina ya dawa nilikuwa nayo kichwani yote. Mizani kubwa na ndogo nilizijua. Kitu nisichokijua ni watu, na mtihani wa watu haukuwepo.

Dalili niliiona mapema, nikaicheka. Tukiwa bado mafunzoni alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka bonde la Usangu, katika wale waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mgongo ulimkaza, daktari akamwandikia diazepam za siku tano, kwa kuwa dawa hiyo hulegeza misuli vilevile. Siku ya tatu akarudi kuomba nyingine. Tukamuuliza zile za kwanza zimekwenda wapi. Akajibu bila kupepesa macho kwamba amegawana na dume lake, maana lina wasiwasi kuliko yeye, likifungwa jembe linatetemeka. Tuliangua kicheko mpaka mwalimu akatutoa nje. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama huyu anampa ng'ombe, nyumbani kwake nani mwingine amepewa. Nilicheka kuliko wote.

Kutoka Mbeya nikapangiwa hospitali ndogo ya misheni kwenye vilima vya Mufindi, juu ya Igowole. Jina lake litabaki moyoni mwangu. Hata kufika kwenyewe kulikuwa kituko. Basi lilipopita Mafinga, mahali nilipotakiwa kushuka, nilikuwa nimekumbatia sanduku langu la bati nimelala fofofo. Nikaja kuamshwa na utingo Ipogolo, karibu na Iringa mjini, abiria karibu wote wameshuka. Dispensa mpya, mtoa dawa aliyekuwa anakwenda kuwafundisha watu kunywa dawa za usingizi, amepitilizwa na usingizi. Mzee Kalinga alinitania kwa hilo mpaka siku aliyostaafu.

Mzee Kalinga ndiye aliyekuwa mkuu wangu. Mhehe, mfupi, koti la kaki lenye mifuko minne, kila mfuko na kazi yake. Hakuwa na cheti cha maana. Alianza kwa kuosha chupa, akapanda taratibu mpaka dirisha la dawa. Siku hizo wagonjwa walikuja na chupa zao wenyewe za kutilia dawa za maji, na yeye alizinusa moja moja kabla ya kujaza, maana chupa iliyokuwa na mafuta ya taa haijasahau. Vidonge alihesabu kwa kisu butu juu ya sinia la mbao, vitano vitano, midomo imefumba, na ukimsemesha katikati anarudisha vyote anaanza upya. Bahasha tulikunja wenyewe kwa karatasi za daftari. Kwa asiyejua kusoma alichora jua likichomoza, jua la utosini na jua likizama.

Alikuwa na mambo mawili yaliyonichosha sana. La kwanza, hakuachia bahasha mpaka mgonjwa arudie maelekezo kwa mdomo wake mwenyewe. Foleni imefika nje, mvua inanyesha, yeye ameshikilia bahasha upande huu, mgonjwa ameishikilia upande ule. La pili, hakumwuliza mtu kama anakunywa pombe. Alisema, "Hebu niambie, jana umekunywa nini tangu kuamka mpaka kulala?" Basi mtu aanze: maji, uji, chai kwa shemeji, na chai hiyo ilikuwa na maziwa au haikuwa nayo. Mimi niliona ni umbea wa kizee. Mbeya tulifundishwa swali fupi: unakunywa pombe, ndiyo au hapana.

Mama Tabita alikuja dirishani kwangu mwezi Juni, katika baridi ile ya Mufindi inayopasua midomo. Alikuwa mama wa makamo, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye shamba la mahindi na njegere na binti mmoja, Tabita, aliyeolewa kijiji hicho hicho. Mumewe alikuwa mkata mbao, na mti alioukata ukamwangukia. Tangu siku hiyo Mama Tabita akisikia shoka, hata la jirani anayechanja kuni, moyo ulimwenda mbio, mikono ikatetemeka, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Usingizi ulimhama. Watu walishaanza kusema amerukwa na akili.

Daktari wetu alimsikiliza kwa muda mrefu, akamwandikia diazepam, kimoja mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili, kisha arudi. Siku hiyo Mzee Kalinga alikuwa wodini, kwa hiyo kadi niliipokea mimi. Nikauliza swali langu la Mbeya. Aliniangalia kama nimemtukana mama yake. Akaniambia, "Dada, mimi mzee wa kanisa. Pombe haijaingia nyumba yangu." Nikaandika hapana, nikampa bahasha yenye majua matatu, na alisema kweli tupu.

Dawa ilimfaa. Wiki mbili baadaye alirudi na kapu la njegere na uso mwingine kabisa. Alilala. Alikaa uani watu wakichanja kuni. Tukafurahi sote, na katika furaha hiyo ndimo kosa la kwanza lilipoingia, maana wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Kila alipokuja, daktari aliandika "endelea", mimi nikahesabu, yeye akarudia maelekezo vizuri kuliko mchungaji anavyorudia amri kumi. Hakuna kati yetu aliyeuliza hii itaisha lini. Leo mnafundishwa kwamba dawa hii ni ya muda mfupi, kwamba mwili huizoea na kuanza kuidai. Na sisi tulikuwa tumeambiwa, ila njegere zilikuwa tamu na mgonjwa anacheka, nani ataharibu furaha?

Mvua zikaja. Ilipofika Januari milima ilikuwa kijani, matope mpaka magotini. Asubuhi moja, ndio kwanza nimefungua dirisha, nikaona wanaume wanne wanapanda kilima na machela ya miti na blanketi. Nyuma yao Tabita, miguu mitupu, kanga imemlowa mwilini. Nikadhani uzazi. Waliposhusha machela nikamwona Mama Tabita, mdomo wazi, midomo imepauka rangi ya majivu. Tabita alisema alilala jana alasiri baada ya shamba na hajaamka. Wamemwita, wamemmwagia maji, wamemfinya. Haamki.

Daktari alimlaza ubavu, akamwekea hewa na dripu, kisha akanigeukia mimi kwa kuwa manesi walikuwa wawili tu na wodi imejaa. Akaniambia nikae hapo nihesabu pumzi zake, zikishuka zaidi nipige kelele. Zilikuwa nane kwa dakika. Mimi niliyezoea kuhesabu vidonge vitano vitano, nikahesabu pumzi moja moja, na kati ya moja na nyingine nilikuwa na nafasi ya kufikiri kwamba hii ni ya mwisho. Vidonge vile ni mimi niliyeviweka kwenye bahasha.

Mzee Kalinga akaja, akachuchumaa mbele ya Tabita.

"Mama yako jana amekunywa nini tangu ameamka?"

"Hajanywa kitu, baba. Vidonge yake tu, na uji."

"Na baada ya uji?"

"Ulanzi tu."

"Kiasi gani?"

"Tulikuwa tunapalilia na wenzetu, jua kali. Tulikunywa ile ya asubuhi, tena tukamalizia ile ya juzi."

Nikauliza ulanzi ndio nini. Mzee Kalinga alinishika mkono wa gauni akanitoa nje mpaka nyuma ya stoo, kwenye mianzi niliyokuwa naipita kila siku. Kila chipukizi lilikuwa limekatwa ncha, na chini ya ncha kumening'inizwa kipande cha mwanzi, mbeta, kinachodondokewa na maji meupe. Nilikuwa nimeziona mbeta hizo tangu mvua zianze nikadhani ni mitego ya ndege. Akanieleza: ukikinga asubuhi ni tamu kama maji ya muwa, hata watoto hupewa. Ukiiacha kutwa inaanza kuuma. Ukiiacha siku mbili, huyo anayekunywa ataimba. Na watu wa huku, hata wazee wa kanisa, hawauweki ulanzi kapu moja na pombe. Pombe ni ile ya nafaka inayopikwa, na ile ya chupa inayotoka mjini. Ulanzi ni chakula cha masika.

Hata mimi nilikuwa nimo. Jumapili iliyotangulia mwimbaji mmoja wa kwaya alinikaribisha kwake akanipa kikombe, nikasifu, nikapewa cha pili. Nikasinzia kanisani ibada ya mchana, nikamsingizia mhubiri. Yaani niliunywa mwenyewe na sikuujua!

Lakini kilichonishtua zaidi ni kingine. Mwezi Juni mianzi haitoi kitu. Hata kama ningeuliza swali la Mzee Kalinga siku ile, Mama Tabita angenijibu maji na uji, basi. Jibu lake lilikuwa kweli kwa kiangazi, na mimi nilikuwa nalitumia masika. Miezi saba nilimpa bahasha bila kumwuliza tena hata mara moja. Wajukuu zangu, hali ya mgonjwa hubadilika na majira. Anaanza kazi ya kuendesha gari, anaandikiwa dawa nyingine ya kifua inayoleta usingizi nayo, anapata mimba, mianzi inaanza kutoa. Kila akirudi dirishani, mwulize kama mgeni.

Alizinduka alasiri. Tabita alikuwa amemshika mkono, mimi bado nahesabu, zilikuwa zimefika kumi na nne. Akafungua macho, akatuangalia mmoja mmoja, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa hili: "Tabita, kidonge ya mchana nimekunywa?"

Hakuuliza yuko wapi. Hakuuliza mahindi.

Daktari alimkanya ulanzi kabisa, akamweleza Tabita pia, na siku ya kuondoka akaandika kwenye kadi kwamba apunguze dawa kidogo kidogo, nusu kidonge kila baada ya wiki mbili, na arudi kila juma aonekane. Yalikuwa maelekezo mazuri. Kadi ikaja dirishani. Mzee Kalinga alikuwa ameitwa kupokea mzigo wa dawa, nikabaki peke yangu.

Hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Nilisoma kadi, nikaona daktari anacheza. Mtu amenusurika kufa kwa vidonge hivi, unampaje tena? Mtu anayeamka kutoka kuzimu akiulizia kidonge, unamwongezea kidonge? Nilijiona mimi ndiye mwenye huruma kuliko wote. Sikwenda kumwuliza daktari, ofisi yake ilikuwa hatua thelathini. Nikamwambia Mama Tabita, "Dawa imeisha. Rudi baada ya wiki mbili."

Aliangalia nyuma yangu kidogo, kisha akaniangalia mimi. Akasema, "Haya dada, asante," akafunga kadi kwenye pindo la kitenge, akaenda na binti yake. Nikajisikia nimeokoa mtu.

Siku ya sita walimrudisha. Mara hii walikuja mbio, wamembeba mikononi, mwili mzima unakakamaa na kutupatupa, povu mdomoni. Tabita alikuwa analia bila sauti. Alisema mama hajalala siku tatu, jasho linamtoka katika baridi, anasikia shoka mahali ambapo hakuna anayekata, na asubuhi hii akaanguka kando ya kisima. Majirani walishatoa hukumu kwamba mumewe amekuja kumchukua, wengine wakataka apelekwe kwa mganga kwanza. Tabita aligoma. Kwa ugomvi huo mmoja wa binti huyo, mama yake alifika kwetu.

Daktari akaita diazepam ya sindano. Nilidhani nimesikia vibaya. Mzee Kalinga alikimbia, uzee wake ule, akaleta. Daktari akachoma polepole kwenye mshipa, na mbele ya macho yangu mwili ukalegea, taya likaachia, akaanza kupumua kama mtu. Dawa iliyomwokoa ilikuwa ile ile niliyomnyima.

Kisha nikamsikia Mzee Kalinga akimwuliza Tabita kama mama alikuwa anakunywa dawa yake sawasawa kama daktari alivyopanga. Tabita akasema, "Dada alisema imeisha."

Hakugeuka kuniangalia. Alitembea mpaka chumba cha dawa, nami nyuma yake kama mbuzi anayevutwa. Vidonge vya kila siku tulivimimina kwenye chupa kubwa za kioo, zikakaa kabatini. Akatoa ile ya diazepam, akaitikisa. Ililia. Akaiweka juu ya sinia la kuhesabia, taratibu, kwenye mwanga.

"Hii chupa iliisha lini?"

Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, lakini hakupandisha sauti. Alivuta kigoda akaniambia nikae. Akaniita kwa jina alilonipa kwa ajili ya migomba ya kwetu Tukuyu, akasema, "Binti wa ndizi, mtu alikuwa amepanda juu ya paa. Ukaogopa asianguke. Basi ukaondoa ngazi." Akanieleza kile nilichokisoma Mbeya nikakijibu kwenye mtihani na kukisahau, kwamba mwili uliokaa miezi na dawa hii ukinyang'anywa ghafla unaweza kufanya kifafa, na kifafa hicho huua. Kuanza ni kwa cheti cha daktari, na kuacha pia ni kwa daktari, ngazi moja moja. Kisha akaniambia niende kwa daktari nikaseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana yeye hatanisemea.

Zile hatua thelathini zilikuwa ndefu kuliko barabara ya kwenda Mbeya. Daktari alinisikiliza amesimama. Alisema ningemuua. Kisha akakaa, akafungua faili la Mama Tabita, akahesabu kwa kidole zile "endelea" alizoziandika, moja baada ya nyingine, akafunga faili. Nilikuwa nimemweleza hata ule mfano wa ngazi, naye akasema hata yeye alimpandisha paani bila kufikiria atashukaje. Nilizuiwa kutoa dawa peke yangu kwa miezi mitatu, nikarudi kukunja bahasha na kunusa chupa. Ilinistahili.

Mama Tabita akaanza kushuka, safari hii kweli. Nilikata vidonge nusu kwa wembe, Mzee Kalinga amesimama begani kwangu. Tabita ndiye aliyekaa na bahasha nyumbani, si mama, na kwa kila siku iliyopita alitia punje ya mahindi kwenye kibuyu, ili asiyejua tarehe naye ajue ni lini nusu inaondoka. Akitetemeka sana, wanarudi, daktari anasubirisha wiki moja kabla ya kushuka tena. Hawakukimbizwa. Na kuhusu shoka, daktari alimshauri Tabita jambo ambalo mimi nilidhani ni ukatili: achanje kuni mama akiwa karibu, mapigo mawili tu, kisha aache wazungumze. Kesho mapigo matatu. Mpaka mahindi yanavunwa, Tabita alikuwa anachanja mzigo mzima na mama yake amekaa anapukuchua.

Na kila juma dirishani Mzee Kalinga aliuliza, tangu kuamka mpaka kulala. Masika yote yale Mama Tabita alijibu maji, uji, chai, maji. Wenzake walipomcheka kwenye kupalilia, aliwaambia ulanzi wangu unywe wewe.

Ilikuwa Agosti alipokuja peke yake. Akaweka bahasha dirishani. Ndani mlikuwa na nusu mbili za kidonge.

"Hizi sikuzinywa," akasema. "Juzi nimelala bila, jana nimelala bila. Chukua, asije mtoto akaziokota."

Nikazipokea. Mzee Kalinga alikuwa pembeni anahesabu, midomo imefumba, na nilijua anasikia. Miezi yote hiyo nilikuwa sijamwambia mama huyu lile neno. Niliogopa kazi yangu, niliogopa uso wake. Siku hiyo nikaona kwamba nikinyamaza tena sitasema maisha yangu yote.

"Mama, siku ile nilikwambia dawa imeisha. Haikuisha. Nilikudanganya."

"Najua, dada."

"Ulijuaje?"

"Chupa si niliiona nyuma yako? Kabati ilikuwa wazi. Vile vya njano, mpaka shingoni."

Nikahisi kisu cha Mzee Kalinga kimesimama kwenye sinia. Nikamwuliza, karibu nilie, kwa nini hakusema kitu. Alinishangaa, kana kwamba jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu.

"Ningesemaje? Wewe ndiye mtu wa dawa. Nikaona, kama anasema imeisha na mimi naiona, basi ile iliyobaki si yangu. Nikaenda."

Nimeshtuka mara nyingi katika kazi hii. Nimeona mtu amekunywa dawa ya kupaka, nimeona chupa ya dawa ya mifugo juu ya kitanda cha mtoto. Lakini hakuna kilichonishtua kama maneno hayo yaliyosemwa kwa upole. Aliiona chupa imejaa. Akarudi nyumbani siku sita, akatetemeka, akasikia shoka, akaanguka kisimani, yote kwa sababu ya heshima aliyonipa mimi, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyepitilizwa Ipogolo na usingizi. Ndiyo maana niliposhuhudia ile mikono ikinyooshwa msibani bila swali hata moja, niliona ni yeye tena amesimama dirishani.

Tangu Agosti ile, kwenye yale mambo mawili ya Mzee Kalinga niliongeza la tatu. Mgonjwa akishanirudishia maelekezo, akishaniambia amekunywa nini, namwuliza: "Kuna kitu nimesema, au umekiona hapa, ambacho hakijakuingia?" Kisha nanyamaza, kalamu chini, na namngoja. Mwanzoni watu walicheka, wakasema hakuna, dada. Nikawangoja hivyo hivyo.

Wa kwanza kunijibu alikuwa Mama Tabita. Masika yaliyofuata alikuja na mafua, nikamhesabia vidonge vya homa vya siku tatu, nikauliza swali langu, nikanyamaza. Alitazama bahasha, akanitazama mimi, akamtazama Mzee Kalinga aliyekuwa anajifanya hasikii.

"Ndiyo, dada," akasema. "Naona kama umezidisha. Hesabu tena."

Nikamimina vyote kwenye sinia, nikahesabu upya mbele yake. Vilikuwa vimezidi viwili.